Sufuria Nyepesi ya Mama Mkwe

Mizani hakuwa na mizani. Hilo lilimshangaza kila mgeni aliyeingia karakana yake. Fundi wa kusubu sufuria, mtu anayepokea vyuma chakavu gunia kwa gunia, halafu hana hata kimizani cha muuza nyanya! Ukimuuliza, anakunyooshea mkono wa kulia, kiganja juu, kigumu kama kisigino kwa kuungua, anakwambia, "Si huu hapa? Mizani yenu inataka mawe. Huu unataka chai tu."

Na tusimwonee, mkono ule ulikuwa na ujuzi wake. Unampa kipande cha bomba, anakirusharusha hewani, anakigonga kwa ukucha karibu na sikio, halafu anatoa hukumu kama hakimu mwenye njaa: "Shaba, lakini wameichakachua." "Hii risasi, rudisha ulikoitoa, siwezi kupikia watu sumu." Basi watu wakalisahau jina alilopewa na mama yake, wakamwita Mizani, na yeye jina likamkaa kichwani kama kofia.

Karakana yenyewe ilikuwa uani, nyuma ya safu ya maduka, chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa fundi cherehani. Tanuri lilikuwa pipa lililokatwa nusu na kukandikwa udongo kwa ndani, na kwa chini feni iliyong'olewa kwenye gari bovu inapuliza mkaa mpaka unanguruma. Juu ya mkaa kinakaa chungu cha kuyeyushia, yaani mtungi wa gesi uliokatwa kichwa. Humo zinaingia pistoni, fremu za madirisha, vitasa, na sufuria kuukuu zilizotoboka makalio. Zinatoka sufuria mpya zinazong'aa. "Mimi nafufua wafu," alikuwa akisema Mizani, "ila wangu wakifufuka wanapikiwa maharage."

Upande wa kushoto wa tanuri kulikuwa na lundo la mchanga mweusi wenye unyevu, ule wa kushindiliwa kwenye kalibu ili upate umbo la sufuria. Upande wa kulia, juu ya turubai, kulikuwa na mchanga mweupe mkavu kabisa, umeanikwa juani, wa kunyunyizia kalibu zisigandane. Uikumbuke michanga hiyo miwili. Huyu mmoja na yule mwingine walikuwa wanalala jirani miaka yote, na hakuna aliyejua kwamba mmoja wao angekuja kuokoa watu na mwingine nusura awazike.

Mshirika wake aliitwa Sumaku. Huyu ndiye aliyekuwa anazunguka kwenye magereji na majalala kutafuta vyuma, huku anaburuza kipande cha sumaku kilichofungwa kamba, kama mtu anayetembeza mbwa. Sheria yao ilikuwa fupi. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma, waachie wenye chuma. Isiponasa, na kitu chenyewe ni cheupe na chepesi, hiyo ni alumini, njoo nayo. Kwa sheria hiyo wawili hawa walikuwa wamekula, wamevaa na wameoa. Sheria iliyokuozesha mke huiulizi maswali.

Mke wa Mizani alikuwa Mama Pacha, mama wa mapacha wawili wa kiume waliokuwa wanatambaa kwa kasi ya panya. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili mlangoni mwa ua ule ule. Waliishi vizuri, wanataniana, wanagombania redio. Mpaka siku cheche moja iliporuka kutoka kwenye chungu ikamla Mizani sharubu za upande mmoja.

Sharubu ni nywele, zitaota. Lakini habari ni kama donge la udongo la watoto, kila mkono linaoupitia unaongeza lake. Ilipotoka uani ilikuwa sharubu. Ilipofika stendi ilikuwa uso. Ilipomfikia mama yake Mama Pacha, mkwe wake alikuwa ameungua kiwiliwili na wajukuu wamenusurika kwa kutupwa dirishani. Mama Mkwe hakupiga simu. Alikuja.

Alikuja na mkoba mmoja wenye zipu inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akamkagua mkwe wake utosini hadi ukucha, akaona amekosa sharubu nusu tu, na badala ya kufurahi akakasirika, maana alikuwa amelia njia nzima bure.

"Sasa nisikilize, mwanangu," akasema kabla hajavua viatu. "Nimekuja na mkoba mmoja. Nikiona kazi yako ni kazi ya watu, nitaondoka na mkoba wangu. Nikiona ni kama nilivyosimuliwa, nitaondoka na mkoba, na binti yangu, na wajukuu wangu. Chai iko wapi?"

Mizani akacheka. Mke wake hakucheka. Walipobaki wawili jikoni akamminya mkono. "Baba Pacha, mama hatanii. Alimfuata dada kwa yule mume wake wa pikipiki, akasema maneno hayo hayo. Mpaka leo dada yuko nyumbani anachambua mchele."

"Na wewe ungekwenda?"

Mama Pacha akawaangalia watoto waliokuwa wanagombania kifuniko cha sufuria. "Ningekuwa mwenyewe, nisingekwenda hata kwa winchi," akasema. Hakumalizia, na haikuhitaji kumaliziwa.

Kuanzia hapo Mizani akawa mtu wa adabu zilizopitiliza. Akavaa viatu vilivyofungwa mbele. Akafagia ua. Mama Mkwe akawa anaketi kwenye kigoda mlangoni, anatazama kila kitu, na kila kitu kina kasoro. Sufuria za Mizani zilikuwa imara, lakini nzito. "Vidole vyangu hivi," akawa anavionyesha, viungo vimevimba kama tangawizi, "hizi sufuria zako ukinijazia maji nitaziachia miguuni. Unatengeneza sufuria au nanga?" Kisha anatoa kichupa chake cha dawa ya tumbo, dawa nyeupe nzito kama maziwa, anakitikisa, anapiga funda, anacheua kwa heshima, anaendelea na kasoro.

Na alikuwa na tabia moja ambayo binti yake aliionea aibu. Akipewa chombo kipya cha kupikia, lazima akikwaruze kidogo, akate limau, akisugue pale na asubiri. Kikiwa cheusi, anakirudisha. Kisipobadilika, anakubali. "Sufuria isiyosuguliwa limau," alikuwa akisema, "ni mgeni aliyeingia bila hodi."

Basi Mizani akapata wazo, na lilikuwa wazo la upendo kabisa, hilo lazima tumpe. Atamsubia Mama Mkwe sufuria, mbele ya macho yake mwenyewe, mchana kweupe, aone kazi ilivyo salama. Tena sufuria nyepesi, ya vidole vyake. Atatumia alumini nzuri kuliko zote. Akamwambia Sumaku, "Nitafutie kitu cheupe, chepesi, cha kifalme. Ndoa yangu imo humo."

Sumaku akazunguka, akarudi na ganda la giaboksi ya gari dogo la zamani, limelala gereji miaka mingi chini ya matairi. Sumaku haikunasa. Lilikuwa jeupe la kijivu, na lina oili iliyoganda. Mizani akalipokea kwa mkono wake wa hukumu, na mkono ukashtuka. Ulikuwa umejiandaa kubeba jogoo, ukapokea kifaranga.

"Hee!" akasema. "Hii nini?"

"Alumini," akasema Sumaku.

Mizani akalirusha, akalidaka, akaligonga kwa ukucha. Hajawahi kushika kitu kikubwa hivyo chepesi hivyo. Hapo ndipo mtu mwenye woga angesema: sijui hiki ni nini, kikae pembeni. Lakini mtu aliyesifiwa mkono wake miaka yote hana neno "sijui" mdomoni; limeota kutu. Akasema, "Hii ni alumini iliyokomaa. Alumini ya wazee. Siku hizi hawatengenezi tena." Sumaku akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba hata yeye alikuwa anajua hivyo.

Asubuhi ya kazi wakaliponda ganda kwa nyundo. Mizani akachukua kipande kimoja, akakipiga tupa kuondoa oili, akampelekea Mama Mkwe pale kigodani kwa mikono miwili. "Mama, pima mwenyewe. Sufuria yako itakuwa hii."

Mama Mkwe akakipokea. Uso ukamlegea kwa mara ya kwanza tangu afike. "Eh! Kinabebeka," akasema. Mama Pacha aliyekuwa anamimina chai akamkonyeza mumewe. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha Mama Mkwe akachomoa limau.

Akalikata, akalikamua pale palipopigwa tupa. Na pale pale kile kipande kikaanza kuchemka. Si utani. Kipande cha chuma baridi, mkononi mwa mwanamke, hakuna moto, na kinatoa povu linalochachatika kama soda iliyotikiswa. Mama Mkwe akakitupa chini akaruka kutoka kigodani, na viungo vyake vilivyovimba vikasahau kuuma.

"Kinatema mate!"

"Ni oili, mama," akasema Mizani. Lakini hakukiokota.

"Oili gani inachemka kwa limau? Mimi nasugua sufuria tangu mama yako hajavunja ungo, sijaona ya kutoa povu kama mbwa mwenye kichaa. Mwanangu, hiki kitu kina hasira. Usikipike."

Sasa tazama mtu anavyoponzwa. Sumaku yuko pale, anasikiliza. Fundi cherehani amechungulia juu ya ukuta, sindano mdomoni. Mke anatazama. Mizani angesema tu, "Haya mama, tuache," pangekuwa na amani. Akasema, "Mama, wewe unajua limau. Mimi najua chuma."

"Haya," akasema Mama Mkwe, akarudi kigodani, akakisogeza nyuma kidogo. Kisha akakisogeza tena.

Mapacha walikuwa kwa mke wa fundi cherehani, wanalishwa. Hilo nalo lishukuriwe.

Mizani akawasha feni. Mkaa ukanguruma, chungu kikawa chekundu chini, vipande vikaanza kulainika, vikalala, vikawa uji wa fedha. Vizuri kabisa. Akageuka kumwonyesha Mama Mkwe, akanyoosha mkono kama mtangazaji wa mnada. "Umeona, mama? Kazi ni tulivu kama..."

Hakumaliza alichotaka kufananisha nacho.

Nyuma yake mwanga ukazaliwa. Waliokuwepo wanasema "mwanga" kwa sababu hawana neno lingine. Haukuwa mwekundu wala wa manjano kama moto wa watu. Ulikuwa mweupe, mweupe wa kutisha, kana kwamba mtu ametoboa angani tundu na jua limetumbukia kwenye pipa. Vivuli vya watu vikachapwa ukutani, vyeusi tii, saa tano mchana. Fundi cherehani alikiona kivuli chake mwenyewe kikimkimbia. Kuku akaenda kulala.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Hawakuwahi kufika uani kwa Mizani. Lile asilolijua lilikuwa mchana juu ya mchana.

Na yeye akageuka akalitazama. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo tulivyofundishwa, lakini siku ile alihitajika mtu wa kumwambia usitazame. Akasimama mdomo wazi, anatazama ndani ya ule weupe kama mtoto aliyeona sarakasi, kwa sababu miaka yote ya moto hakuwahi kuona moto wa namna ile, na haukuwa mbaya. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomshtua kuliko yote.

"Maji!" akapiga kelele Mama Pacha. "Sumaku, maji!"

Sumaku akanyakua ndoo. Kwa moto mtu huleta maji, hata chizi anajua. Akayarusha kwa mbali, maana joto lilikuwa linamsukuma, na bahati nzuri hakuwa na shabaha, mengi yakaenda kwenye ukuta. Machache yaliyofika yalitosha. Kukawa na kishindo, tuf!, kilichotikisa vikombe ndani ya nyumba. Madonge meupe yakaruka kama fataki, mawili yakatoboa bati yakatokea juu, na Sumaku akajikuta amekaa juu ya lundo la mchanga mweusi, ndoo mkononi, hana nyusi.

Na moto? Moto ulikuwa umefurahi. Umekua.

Sumaku akainuka, mtu wa watu, akakimbilia ndoo ya pili.

"Acha maji!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Mkwe. "Acha maji, mpumbavu wewe! Kilichemka kwa tone la limau, wewe unakipa ndoo! Hakipendi kitu cha majimaji! Mama Pacha, zima feni! Mchanga!"

Sumaku akainama kwenye lundo alilokuwa amelikalia, ule mchanga mweusi wenye unyevu. Mama Mkwe akampiga kofi mkononi. "Huo umelowa! Huoni?" Akavua kitenge kichwani, akajiziba macho, akainama kwenye turubai la kulia na kuanza kuchota mchanga mweupe kwa sinia la chai. Mama Pacha akazima feni, akaja na karai. Wanawake wawili, nyuso wamegeuza pembeni kama wanaomwogopa mtu aliye uchi, wakamwaga mchanga juu ya jua. Sinia, karai, sinia, karai. Ule weupe ukapungua, ukawa kama mwezi, ukawa kama tochi yenye betri mbovu, ukafukiwa.

Moshi mweupe ukashuka polepole juu ya kila kitu, kamba ya nguo, vikombe, kichwa cha fundi cherehani, unga laini kama wa mkate. Mama Mkwe alikuwa bado ameshika sinia, na vidole vyake, vile visivyoweza kubeba sufuria, havikutaka kuliachia.

Kisha sauti ya Mizani, ya upole, ya mtu anayeuliza jambo dogo la nyumbani:

"Mama Pacha, mbona giza? Umeme umekatika?"

"Ni mchana, Baba Pacha."

"Aa."

"Jua linawaka."

"Aa," akasema tena Mizani, akaketi chini taratibu, akipapasa, kama mzee.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Wakampeleka wakimshika mikono huku na huku, Sumaku nyuma yao bila nyusi, anaonekana kama mtu aliyeshangaa moja kwa moja. Muuguzi, dada mmoja mnene mwenye maneno machache, akamfungua kope, machozi yakamtiririka Mizani kama bomba.

"Ulikuwa unachomelea?"

"Nilikuwa nasubu sufuria."

"Sufuria haipofushi mtu. Ulitazama nini?"

Wakamweleza wote kwa pamoja: wepesi, sumaku, povu la limau, mwanga, ndoo, mchanga mbichi na mkavu. Muuguzi akaacha pamba hewani. "Mungu wangu," akasema. "Mmechoma magnesiamu."

"Mag... nini?" akauliza Sumaku.

"Magnesiamu. Ni madini kama alumini, ukiyaona ni ndugu, ila hii ni nyepesi zaidi na ina hasira karibu. Shuleni mwalimu aliwasha kautepe kembamba tu, akatuambia tusitazame. Mimi nikatazama. Siku mbili nilikuwa naona bendera za kijani."

"Sasa kitu kama hicho wanakiweka kwenye gari?" Mama Pacha akamaka.

"Kwa sababu ni chepesi. Kwenye magari, ndege, kompyuta za kubeba. Kikiwa donge nene hakina neno, hata kiberiti hukiwashi. Ila ukikiyeyusha halafu ukakipulizia feni..." Akamtazama Mizani, akaona haoni kwamba anatazamwa, akashusha sauti. "Na kikishawaka, maji hayakizimi. Kinayanyang'anya maji oksijeni kinaila, kinabakiza haidrojeni, na hiyo nayo inalipuka."

"Kwa hiyo mimi nilikipelekea kuni," akasema Sumaku.

"Tena kavu. Na ungeutupa ule mchanga mbichi kwa wingi, ingekuwa hivyo hivyo. Nani aliwaambia mchanga mkavu?"

Wote wakamgeukia Mama Mkwe. Alikuwa kwenye benchi, na ili atulie alikuwa amechomoa kichupa chake, amekitikisa, anakipeleka mdomoni.

"Ngoja, mama," akasema muuguzi, akakisoma kibandiko. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Maziwa ya magnesia. Mnaona? Ndiyo hiyo hiyo."

Mkono wa Mama Mkwe ukaganda njiani. "Hiyo hiyo nini?"

"Magnesiamu. Kile kitu kikiungua kinabaki unga mweupe, na unga huo ukikutana na maji, unakuwa kitu cha namna hii kilichomo kwenye chupa. Kinatuliza asidi ya tumbo. Ila msije mkaukomba ule wa uani, una uchafu wote wa giaboksi."

"Binti." Mama Mkwe alikishika kichupa kwa ncha za vidole, mbali na mwili. "Unaniambia miaka yote hii nakunywa ule moto?"

"Huo ulishaungua, mama, umemaliza hasira zake. Na hata usipokunywa unao, kwenye mifupa na misuli. Wote tunao. Hata ukijani wa majani ni huo. Bila magnesiamu hakuna jani la kijani duniani."

Nje ya dirisha kulikuwa na mti. Sumaku akautazama, akasogeza kiti chake.

"Kumbe," akasema Mama Mkwe polepole, anakitazama kichupa. "Ndiyo maana marehemu mume wangu alikuwa ananiogopa."

Hakuna aliyecheka. Maana Mizani alikuwa ameuliza, "Nitaona?" na muuguzi alikuwa amejibu huku anamfunga bendeji, "Mara nyingi macho hurudi. Lakini siwezi kukuapia. Jioni yataanza kuuma kama yametiwa mchanga, usiyasugue. Tutafungua keshokutwa."

Yaliuma. Hatutaeleza yalivyouma. Ila kulikuwa na maumivu mengine. Kesho yake mchana, Mizani amekaa kitandani na bendeji yake, akasikia kutoka chumba cha pili ile sauti: zipu. Inalia kama paka. Akasikia nguo za watoto zinakunjwa, na mke wake akisema, "Mama, subiri basi afunguliwe macho," na Mama Mkwe akijibu, "Nilisema nini nilipofika? Nilisema au sikusema?"

Mizani alikuwa na hoja. Alikuwa amezipanga tangu asubuhi: kwamba ni ajali, kwamba Sumaku ndiye aliyelileta, kwamba hata mhandisi angekosea. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akasimama na bendeji yake kama mtu anayecheza kibe. Zipu ikanyamaza.

"Mama," akasema, na hoja zote zikamwacha pale pale. "Uliniambia. Uliniambia mbele ya watu usikipike, nikakujibu ujinga. Wale watoto wangekuwa uani jana..." Akashika fremu ya mlango. "Wachukue. Mama Pacha nenda. Mimi nisingekuwa mimi, ningenikimbia."

Mama Pacha akaanza kulia bila sauti. Mama Mkwe akabaki na shati dogo la mtoto mkononi. Alikuwa amekuja tayari kwa kelele. Alikuwa ameandaa hata sauti. Mume wa pikipiki alimtukana. Mume wake mwenyewe, miaka yote, hakuwahi kusema "uliniambia" hata siku alipotumbukia katika kisima alichoonywa. Na huyu hapa, hana macho, hana sharubu za upande mmoja, anasema.

Akatazama ule mkono wa kulia, ule wa hukumu. Ulikuwa umeng'ang'ania fremu ya mlango.

"Na sisi tukiondoka," akasema mwishowe, kwa ukali uliokosa nguvu, "chooni utapelekwa na nani? Sumaku? Atakutumbukiza."

"Nitapapasa."

"Ukapapase tanuri?" Akalitupa lile shati mkobani, akalitoa tena. "Keti chini. Keti, utaangusha nyumba. Mama Pacha, acha kulia kama bomba bovu, weka chai." Kisha, kana kwamba anazungumza na mkoba: "Siondoki na mtu mpaka nione kama macho yanarudi. Yakirudi ndiyo tutagombana. Siwezi kugombana na kipofu, ni dhambi."

Keshokutwa ilipofika, muuguzi akafungua bendeji. Mizani akapepesa. Ukungu. Ukungu mweupe. Akapepesa tena, na katikati ya ukungu kikatokea kitu cha manjano, cha mviringo, karibu kabisa na pua.

"Unaona nini?" akauliza Mama Mkwe.

"Limau," akasema Mizani.

"Zuri. Sasa sikia masharti."

Leo ukifika uani utaikuta karakana pale pale, matundu mawili kwenye bati hayajazibwa, kwa amri, yawe ukumbusho. Kwenye kigoda mlangoni ameketi Mama Mkwe. Mkoba wake unaning'inia msumarini nyuma yake, zipu wazi, una malimau na kichupa. Alirudi kwake wiki moja tu kufuata nguo zake zote, na alipoondoka aliondoka peke yake. Sumaku akiingia na gunia haendi moja kwa moja kwenye tanuri. Anasimama mbele ya kigoda, anavua kofia.

"Weka hapa," anasema Mama Mkwe. Anakwaruza, anakamua, anasubiri. Mizani amesimama nyuma yake, tupa mkononi, kimya kama mwanafunzi aliyepeleka daftari, na mkono wake wa kulia umekunja ngumi mfukoni. Unataka kusema kitu. Haujaulizwa.

Mama Mkwe anasogeza uso karibu, anasikiliza kama kuna povu.

"Hii alumini," anasema. "Pika."

Na sufuria aliyosubiwa mwishowe ni nzito, nzito kama nanga. Anaibeba kwa mikono miwili, analalamika kila asubuhi, na hataki nyingine.